Muulize Mwalimu: Machozi, kokoto na hoja ya Diodotus

Toleo lililopita niligusia mahakama za Athens ya kale kwa mistari miwili, na wasomaji mmenijia juu mkitaka zaidi. Nimechagua barua sita. Zile zilizouliza jinsi ya kumshawishi mchumba nimezisogeza kwa mwenzangu wa ukurasa wa ndoa, maana yeye ana subira kunizidi.

Shikamoo Mwalimu. Mhadhiri wetu anasema balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno, ilianzishwa na Aristotle. Rafiki yangu anabisha, anasema ilianzia Sicily. Nani tumwamini? — Mwanafunzi wa mawasiliano

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli, ila usimcheke mhadhiri wako. Kitabu cha mwanafalsafa Aristotle juu ya ufundi huu kimetufikia kikiwa kizima, na ambacho kimebaki ndicho hupewa sifa zote. Aristotle alizaliwa mwaka 384 KK, na kufikia hapo walikuwapo watu waliokwisha kutajirika kwa kufundisha wenzao kusema.

Wagiriki wenyewe walisimulia kwamba mambo yalianzia Syracuse, katika kisiwa cha Sicily. Mnamo mwaka 466 KK watawala wa mabavu wa mji ule walipinduliwa, na watu wakaanza kwenda mahakamani kudai mali walizonyang'anywa. Miaka ilikuwa imepita. Anayedai anaapa, anayekalia naye anaapa. Shahidi aliyekufa haitwi, kwa hiyo kinachobaki ni kuwaonyesha waamuzi ni maelezo ya nani yanayoelekea zaidi kuwa kweli. Wanaotajwa kuwa wa kwanza kuifundisha kazi hiyo ni Corax na mwanafunzi wake Tisias.

Mfano wao maarufu ni huu. Mtu dhaifu ameshtakiwa kwa kumpiga mwenye nguvu. Atasema: nitazameni, mimi nimpige huyu? Sasa geuza, mwenye nguvu ndiye kashtakiwa. Atasema: nilijua fika kwamba lolote likitokea mtanidhania mimi, ningethubutuje? Aristotle aliitaja hila hii ya pili kuwa udanganyifu, nami niko upande wake. Lakini angalia kilichomo ndani. Msemaji haleti kitu kipya. Anachukua yale ambayo waamuzi tayari wanayaamini kuhusu binadamu, kisha anayaegemea. Ufundi wote umesimama hapo, na walimu wengi wa kusema hadharani wanaupita wakikimbilia ishara za mikono.

Kile kisa cha Tisias kukataa kulipa ada, eti "nikishinda kesi silipi, nikishindwa basi hukunifundisha", kinachekesha. Ila kisa cha namna hiyohiyo kinasimuliwa pia juu ya Protagoras, mwalimu mwingine wa Kigiriki, na mwanafunzi wake, kwa hiyo usikiandike kwenye mtihani kama historia.

Kutoka Sicily maarifa haya yalikwenda Athens, na huko yalikuta njaa. Kesi kubwa ilisikilizwa na waamuzi 501 hivi waliopatikana kwa kura ya bahati, raia wa miaka 30 na zaidi, wasio na mafunzo yoyote ya sheria. Ulijitetea kwa mdomo wako mwenyewe huku maji yakichuruzika kutoka kwenye chungu kukupimia muda. Waamuzi hawakwenda faragha kushauriana. Ukimaliza kusema, wanapiga kura, na rufaa hakuna. Mwaka 427 KK Gorgias, bingwa wa kusema wa mji wa Leontini, alipofika kutoka Sicily kuomba msaada wa kijeshi, watu wa Athens walimsikiliza wakapigwa na butwaa. Baadaye vijana wa familia tajiri walimfuata na pesa mkononi. Hawakufuata uzuri wa maneno peke yake. Kila mmoja alijua kwamba siku moja anaweza kusimama mbele ya maji yale.

Mimi ni mjumbe wa kamati. Wenzangu wakitaka kumwadhibu mtu kupita kiasi, huwa nasimama kuwaomba wawe na huruma, na kila mara nashindwa kwa kura. Wagiriki wangenishauri nini? — Mjumbe aliyechoka

Ndugu mjumbe, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, maana inanipa nafasi ya kumtaja mtu ninayemwona bingwa wa fani hii, na ambaye hatujui lolote juu ya maisha yake.

Mwaka huohuo wa 427 KK, mji wa Mytilene katika kisiwa cha Lesbos ulikuwa umeiasi Athens ukashindwa. Mkutano wa raia, ukiwa umefura hasira, ulipitisha kwamba wanaume wote wazima wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Meli ikatumwa na amri kwa kamanda Paches. Kesho yake watu wakaamka dhamiri ikiwasuta, na mkutano ukaitishwa upya. Cleon, mwanasiasa mwenye sauti kubwa, akawakemea: kubadilibadili maamuzi ni udhaifu, na dola haiwezi kumudu huruma. Kisha akasimama mtu anayeitwa Diodotus.

Mwanahistoria Thucydides ndiye aliyetuandikia hotuba zote mbili, na anakiri kwamba hotuba za kitabu chake hazikunakiliwa neno kwa neno. Diodotus wake haombi huruma hata kidogo; anasema waziwazi kwamba hataki wasukumwe na huruma. Anakubali kwamba watu wale wamekosa. Anachouliza ni kimoja: kuwaua kutatufaa nini? Adhabu ya kifo, anasema, haijawahi kumzuia mtu aliyeshikwa na tumaini la kufanikiwa. Mkiwaua waliosalimu amri, mji utakaoasi kesho utapigana hadi pumzi ya mwisho, kwa kuwa kujisalimisha hakutakuwa na faida. Ninyi mtagharimika kuuzingira, na mkiuteka mtakuta magofu yasiyoweza kulipa kodi. Tena watu wa kawaida wa Mytilene ndio waliosalimisha mji walipopewa silaha. Mkiwachinja nao, watu wa kawaida katika miji mingine wataungana na mabwana zao dhidi yenu.

Umeona alivyofanya? Cleon alikuwa amekwisha kuipiga marufuku huruma, na Diodotus hakupoteza pumzi kuirudisha. Alichukua mizani ya Cleon mwenyewe, faida ya Athens, akapima nayo. Mikono ilipoinuliwa, pande mbili zilikaribiana sana, naye akashinda. Meli ya pili ilitoka ikiwa nyuma kwa karibu mchana mmoja na usiku wake. Wapiga makasia walikula unga wa shayiri uliochanganywa na divai na mafuta bila kuacha kazi, wakalala kwa zamu, na ile ya kwanza, kwa kuwa ilibeba ujumbe mzito, haikuwa na haraka. Walifika Paches akiwa amekwisha kuisoma amri na anajiandaa kuitekeleza. Wale waliohesabiwa kuwa vinara wa uasi waliuawa hata hivyo, zaidi ya elfu moja kwa hesabu ya Thucydides. Mji wenyewe ulipona.

Nilipokuwa nafundisha, niliwapa wanafunzi mjadala huu kila mwaka. Aliyeangukiwa na upande wa Diodotus alianza karibu kila mara na watoto wa Mytilene, machozi yakimlengalenga, na darasa lilimwonea huruma yeye badala ya wale watoto. Kwa hiyo kabla ya kikao kijacho, jiulize wenzako wanahesabu nini: fedha, jina la kamati, au usumbufu wa kesi itakayofuata? Anzia hapo. Huruma yako ibaki moyoni ikuongoze uamue unataka nini, na isiwe ndiyo hoja yako.

Ni kweli Demosthenes, yule msemaji maarufu wa Athens, alijaza mawe mdomoni? — Mdadisi

Plutarch, mwandishi wa maisha ya watu mashuhuri, anasema ndivyo: kokoto mdomoni ili kuondoa kigugumizi, kukariri akipanda mlima ili kuongeza pumzi, na kunyoa nusu ya kichwa ili aone haya kutoka kwenye chumba chake cha mazoezi. Plutarch aliandika zaidi ya miaka 400 baadaye, ila anamtaja Demetrius wa Phalerum, aliyedai kuyasikia ya kokoto kutoka kwa Demosthenes mwenyewe akiwa mzee. Chagua mwenyewe la kuamini. Ukitaka kuiga, anza na ule mlima, kokoto zinakaba.

Tunakaririshwa ethos, pathos na logos kama dua. Nikiulizwa mfano nakwama. Nisaidie. — Mtahiniwa

Kukariri kwenyewe si kosa, kosa ni kuzitenga kama maboksi matatu. Kwa Aristotle, mtu hushawishika kwa jinsi anavyomwona msemaji (ethos), kwa hali ya moyo anayotiwa (pathos), na kwa hoja yenyewe (logos). La kwanza ndilo linalofundishwa vibaya. Wengi husema ethos ni cheo au sifa uliyokuja nayo. Aristotle anasema kinyume: imani hiyo ijengwe na hotuba yenyewe, msikilizaji aone humo ndani busara, uadilifu na nia njema.

Mfano wako uwe huu. Athens ilimpa raia maskini mwenye ulemavu oboli moja, sarafu ndogo ya fedha, kwa siku, na kila mpokeaji alikaguliwa na Baraza la watu 500. Fundi mmoja mdogo alishtakiwa kwamba hastahili: anapanda farasi, na dukani kwake hukusanyika watu wabaya. Lysias, mwandishi wa hotuba za watu wengine, alimwandikia utetezi, na hotuba ile ipo hadi leo. Farasi? Ningekuwa na uwezo, anasema, ningepanda nyumbu mwenye tandiko laini, nisingeazima wanyama wa watu. Tena wengine hutembelea fimbo moja, mimi mbili. Mbona mshtaki hasemi kwamba fimbo mbili ni dalili ya uzima? Na kuhusu duka: ninyi nyote mna desturi ya kuketi kwenye maduka karibu na soko, huyu kwa muuza manukato, yule kwa kinyozi. Akiwahukumu wateja wangu, amewahukumu ninyi.

Sasa jaribu kuzitenganisha zile tatu. Fimbo mbili ni hoja, lakini ni utani pia, na anayetania akiwa taabani tunampenda. Sentensi ya duka ni hoja, lakini inawafanya waamuzi wajihisi wametuhumiwa pamoja naye. Hakulia hata mara moja.

Ongeza na hili, maana watahini hulipenda: Aristotle anasema usitaje kile ambacho msikilizaji anakijua. Ukitaka kusema mwanamichezo Dorieus alishinda taji, tosheka na kusema alishinda michezo ya Olympia. Kwamba mshindi wa Olympia huvikwa taji, kila mtu atajaza mwenyewe, na mtu huiamini kwa urahisi hoja ambayo nusu yake ameitoa kichwani mwake.

Huu wote si ufundi wa waongo tu? Mwanafalsafa Plato mwenyewe aliulaani. — Msomaji asiyeshawishika

Aliulaani, na kwa mfano mkali. Katika kitabu chake kiitwacho Gorgias, anamfanya mwalimu wake Socrates aseme kwamba akishtakiwa atakuwa kama daktari anayeshtakiwa na mpishi mbele ya mahakama ya watoto. Mpishi atasema: huyu huwanywesha machungu na kuwakata, mimi huwapa vitamu. Daktari atajibu nini? Ukikumbuka kwamba Socrates alihukumiwa kifo mwaka 399 KK, na kwamba kwa maelezo ya Plato kura 30 tu zingemwokoa, unaelewa uchungu wa mwandishi.

Lakini katika kitabu hichohicho, kurasa za mwanzo, Gorgias yuleyule wa Leontini anasimulia kwamba alikuwa akifuatana na ndugu yake, ambaye ni daktari, kwenda kwa wagonjwa waliokataa dawa au kisu. Daktari alishindwa kuwashawishi, yeye akaweza. Plato aliandika yote mawili, na mimi sioni sababu ya kusoma moja tu. Yule mgonjwa alihitaji dawa, na ujuzi wa daktari peke yake haukuifikisha mdomoni. Aristotle naye aliliweka wazi: nguvu za mwili, afya, mali na uongozi wa jeshi vyote vyaweza kutumiwa vibaya, na hakuna anayesema tuviache. Unalokwepa kujifunza wewe, mwongo amekwisha kulisoma.

Mwalimu, nimepewa kazi ya kumuaga bosi wetu anayestaafu. Naomba uniandikie hotuba. — Mwenye hofu

Unaniomba kazi ya Lysias. Baba yake alitoka Syracuse, na yeye mwenyewe kwa kuwa hakuwa raia aliishi kwa kuwaandikia wengine maneno ya kusema. Sifa yake ilikuwa kwamba mkulima alisikika kama mkulima na fundi kama fundi. Hakuna aliyesikika kama Lysias. Hilo siwezi kukufanyia kwa barua, kwa kuwa sijakusikia ukizungumza.

Naweza kukurahisishia, ingawa. Aristotle anamnukuu Socrates kwamba si vigumu kuwasifu watu wa Athens mbele ya watu wa Athens. Kwa hiyo usinitumie wasifu wa bosi. Nitumie majibu haya: ukumbini watakuwamo nani, jambo gani alilolifanya ambalo wao wenyewe husimuliana akiwa hayupo, na ni nani kati yao hakuelewana naye. Andika jinsi unavyosema, na makosa yake. Nikipata hayo kabla ya toleo lijalo nitakuonyesha pa kuanzia, na kwa vyovyote usipite dakika tano, maana siku hiyo watu watakuwa wamesimama.