Uliza Kocha: Maksi Kila Siku, na Simiti Je?

Wasomaji salaam. Mwezi huu nimechagua barua nne, ya kwanza nimeipa nafasi kubwa sababu naona vijana wengi hapa Mombasa wako kwa hali hio hio ila hawaandiki. Majina hatutoi, ni mtaa tu.

Assalam aleikum kocha. Mimi nina miaka 22, naishi Kisauni, napiga chuma jim ya mtaani huu mwaka wa tatu na nataka kuingia mashindano ya pawalifti. Kocha wetu anasema kila siku lazima tufike maksi, yaani ule uzito mkubwa kabisa unaoeza kuuinua mara moja, Jumatatu mpaka Jumamosi, skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani), benchi (kukisukuma umelala chali) na dedilifti (kukiinua toka sakafuni) zote, ati Wabulgaria walifanya ivo na wakaishinda dunia. Mwanzo nlipanda vizuri lakini sasa miezi sita skwati imekwama 150 na juzi hata 140 nlipambana nayo mpaka nikaona nyota. Usiku usingizi hauji, nikiamka mgongo wa chini umekaza kama ubao. Mchana napakia simiti kwa duka la hadwea. Nikimwambia kocha nimechoka ananiita mlaini. Je mimi ni mlaini ama programu ndo mbaya? — Mpakiaji, Kisauni

Waaleikum salaam mwanangu. Mlaini wewe siye. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara macho yanarudi pale kwa simiti, umeitaja kwa sentensi moja tu kama jambo dogo na hapo ndo jibu lako liko. Mfuko mmoja ni kilo 50. Siku umepakia mifuko 200 umebeba tani 10, umeinama mara 200, umejipinda mara 200, juani, na hujala vya maana. Alafu saa kumi na moja jioni unaingia jim unaambiwa dedilifti maksi. Kocha wako anahesabu chuma, simiti haiko kwa hesabu yake, na mgongo unaobeba vyote viwili ni huo huo mmoja.

Mimi najua haya sababu nimeyapitia. Ujana wangu nlikua kuli bandarini, tukitoka shifti tunavuka barabara moja kwa moja jim, na mwalimu wangu wa wakati huo alikua mtu mzuri sana lakini hakuwahi kuniuliza leo umebeba nini. Siku moja nainama kuokota sabuni bafuni, sio chuma, sabuni, mgongo ukakata nikakaa sakafuni pale mpaka ndugu yangu akaja kuniinua. Wiki tano sikupiga chuma na kazi pia nlikosa. Tangu siku hio mwanafunzi yeyote akiingia kwangu swali la kwanza sio leo tunapiga nini, ni leo umeshindaje.

Sasa tuje kwa hao Wabulgaria, maana hadithi yao hua inasimuliwa nusu. Kocha mkuu wa timu yao ya kunyanyua vyuma aliitwa Ivan Abadjiev, na ni kweli watu wake walikua wakipanda mpaka uzito wa juu kabisa wa siku hio karibu kila siku, na ni kweli walitikisa dunia, Naim Süleymanoğlu alitoka mikononi mwa mfumo huo kabla hajahamia Uturuki, na Olimpiki ya Seoul 1988 alisukuma kilo 190 juu ya kichwa akiwa kundi la kilo 60, yaani zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Lakini wale walikua wamechujwa tangu utotoni, kazi yao ilikua chuma tu, serikali inawalisha na kuwalaza, wana daktari na mtu wa kuwakanda misuli, kati ya mazoezi na mazoezi wanalala. Na aliyevunjika alitolewa akaingizwa mwingine, hao waliovunjika hakuna anaewataja. Tena wao walikua wanyanyuaji wa snachi (chuma toka sakafuni mpaka juu ya kichwa kwa mwendo mmoja) na klini na jeki (kwanza mabegani, alafu juu ya kichwa), mchezo usio na dedilifti kabisa. Snachi ukiikosa unaiachia inaanguka, basi. Dedilifti maksi unaivuta polepole mgongo ukinung'unika mwanzo mpaka mwisho, hio kuifanya mara sita kwa wiki ni kitu hata Wabulgaria hawakufanya.

Na kuna dawa. Hio hio Seoul, Wabulgaria wawili, Mitko Grablev na Angel Genchev, walinyang'anywa dhahabu baada ya kupatikana na furosemidi, dawa ya kukojoza ambayo inashusha kilo na pia inaufanya mkojo uwe maji maji mpaka dawa nyingine zisionekane vizuri kwa kipimo, timu nzima ikaondolewa mashindanoni. Sydney 2000 medali zao tatu zikaenda kwa dawa ile ile. Kwa hivo mtu akikupa mfumo wa Wabulgaria bila kukupa hizo habari nyingine, amekupa mfupa nyama imebaki kwake.

Basi ufanye nini. Warusi enzi zile za Muungano wa Kisovieti walikua na njia nyingine na mimi naifuata. Kocha wao mmoja, Prilepin, alitunga jedwali ambalo bado linatumika: ukiwa kati ya asilimia 70 na 80 ya maksi yako, repu (mara unazoinua) 3 mpaka 6 kwa seti (mkupuo mmoja kabla ya kupumzika) na jumla ya repu za siku hio iwe kama 18, ukiwa kati ya 80 na 90, repu 2 mpaka 4 na jumla kama 15. Lilikua la snachi na klini na jeki lakini watu wa pawalifti wamelichukua na linafanya kazi. Wewe hesabu yako ianze kwa 140 sio 150, sababu 140 ndo nguvu uliyo nayo leo. Jumatatu skwati kilo 112, repu 3 seti 5, na benchi. Jumatano benchi tena na skwati nyepesi ya kilo 100, repu 4 seti 4. Dedilifti mara moja tu kwa wiki, tena siku ambayo hakuna lori la simiti la kupakia. Kama lori limekuja ghafla siku ya dedilifti, hio dedilifti ishafanyika, nenda nyumbani kale. Wiki ya nne punguza seti ziwe nusu, usiongeze kitu hata kama mwili unawasha.

Repu ya mwisho ya kila seti ipande kwa kasi ile ile ya repu ya kwanza, au karibu. Ikianza kutambaa, weka chuma chini, siku imeisha. Kijana hua anaona kama ameibiwa hapo, anahisi hajachoka vya kutosha. Lakini nguvu haiingii ukiwa chini ya chuma, inaingia usiku umelala, na wewe usingizi umekukimbia, hio peke yake ilitosha kukwambia mzigo umezidi. Maksi utaijaribu baada ya wiki nane, na siku ya mashindano, ambapo kila mnyanyuo una nafasi tatu. Ya kwanza chagua uzito ambao unaeza kuupiga repu tatu hata ukiwa hujalala. Nimeona vijana wakifungua na maksi yao ya jim, wanakosa tatu zote na siku inakufia hapo.

Kuhusu kocha wako. Usimkabili mbele ya wenzako, huyo bado ni kocha wako na ndo aliekufikisha 150. Nunua daftari ya shule, wiki mbili andika kila siku: mifuko mingapi, umelala saa ngapi, umepiga nini, mgongo vipi. Alafu mfate faragha mwambie kocha naomba uniangalizie hii. Kocha mzuri akiiona ile safu ya simiti atakaa chini mwenyewe. Akiitupa, jim Mombasa ziko. Na mgongo ukianza kupeleka ganzi ama moto mguuni, hapo sio habari ya programu tena, nenda hospitali siku hio hio.

Shikamoo kocha. Binti yangu ana miaka 13, shule walionyeshwa kunyanyua vyuma na sasa hataki kitu kingine. Majirani wananiambia atabaki mfupi na kizazi kitaharibika. Na sisi ni Waislamu, zile nguo za mashindano zinanitatiza. Nimwache? — Mama wa Likoni

Marahaba mamangu. Mwache aende, lakini wewe uende nae kwanza.

La ufupi halina ukweli. Watoto wanaofundishwa vizuri na kusimamiwa hawasimami kukua kwa sababu ya chuma. Akiruka kamba hapo uwanjani kila anapotua miguu inapokea uzito mkubwa kuliko wake mwenyewe na hakuna jirani aliewahi kumkataza kamba. Wanaoumia mara nyingi ni waliojaribu maksi peke yao, ama chuma kimewaangukia hakuna mtu mzima karibu. Kizazi pia hakiendi popote, wanawake wana mashindano ya dunia tangu 1987 na Olimpiki tangu 2000, na wako kati yao walio mama wa watoto.

Mtoto wa miaka 13 miezi ya kwanza anashika fimbo ya ufagio. Sisemi mzaha, mimi wangu wanashika fimbo mpaka ile njia iingie mwilini, fimbo inapita karibu na paja, viwiko havikunjwi mapema, anatua amechuchumaa kifua kiko juu. Fundi chuma au fundi seremala, wote wanaanza na kushika kifaa. Baadae ndo apewe chuma chepesi, ile baa (fimbo ya chuma) ya mashindano ya wanawake yenyewe ni kilo 15 kabla hujaweka sahani za uzito. Ukimkuta kocha siku ya kwanza ameshampakia sahani ili amrekodi video, mchukue mtoto wako.

Nguo lilikua tatizo zamani. Mwaka 2011, baada ya Mmarekani Kulsoom Abdullah kuomba ashindane akiwa amejisitiri, shirikisho la dunia la kunyanyua vyuma likabadilisha kanuni, sasa anaruhusiwa kuvaa vazi moja la kubana linalofunika mikono na miguu ndani ya ile nguo ya mashindano. Waamuzi shida yao ni kuona kiwiko na goti vimenyooka, sio ngozi.

Ninachotaka ukiangalie wewe ni mtu. Mazoezi yafanywe wazi, mlango wazi, mzazi yeyote aeze kuingia bila kupiga simu. Kocha anaporekebisha mwili aseme kabla ya kugusa, na mara nyingi aonyeshe tu. Simu za usiku na ujumbe wa siri kati ya kocha na mtoto, hapana kabisa, hata awe bingwa wa nini. Na yeyote akimwambia binti asile ili ashuke kundi la uzito, ondoka. Umri huu anahitaji samaki, maharagwe, mayai, mihogo, ashibe. Akishaanza hedhi alafu ikakatika miezi kadhaa, hua mara nyingi ni dalili chakula hakitoshi, muone daktari.

Kocha niaje. Mimi kabla ya kupiga chuma natafuna muguka kidogo inanipa stimu. Wenzangu wanasema ikija mashindano nitashikwa. Si ni jani tu? — Msee wa Majengo

Ni jani, ndugu yake miraa, na lina kathini ndani, dawa ya kuchangamsha mwili ambayo iko kwa orodha ya dawa zilizokatazwa wakati wa mashindano. Ikipita mikrogramu 5 kwa mililita moja ya mkojo umeshikwa, na huna njia ya kujua mdomoni kwako umetafuna ngapi. Hapa Kenya kuna wakala wa kupambana na dawa michezoni kwa mujibu wa sheria ya 2016, na kusema ni jani tu hakutakuokoa.

Lakini hata kama hushindani, ndugu yangu, muguka unakutoa njaa na usingizi, vitu viwili ambavyo mnyanyuaji haezi kuviacha. Moyo unakwenda mbio kabla hujagusa chuma, na joto letu hili la kaskazi unatoka jasho mpaka viatu vinalia. Hio stimu unayoiskia ni mkopo. Chukua wiki tatu bila, kunywa maji mchana kutwa, kula mbaazi na mahamri masaa mawili kabla ya jim, na uandike kilo zako. Kama ukiona kuacha kunakushinda niandikie tena, sitakucheka.

Kocha bega langu la kulia linauma kila nikipiga benchi na baa inapanda upande. Jim yetu sahani ni za simiti tumemimina wenyewe kwa mikebe ya rangi. Ni mbinu mbaya? — Fundi, Changamwe

Inaeza kua mbinu, lakini kabla ya yote zipime hizo sahani. Jim niliyoanzia ilikua na mikebe kama yenu, jozi moja tuliita ishirini ishirini miaka na miaka. Siku moja nikazibeba kwa mkokoteni mpaka kwa muuza vyuma chakavu pale karibu, mizani yake ikasoma moja 19 nyingine 22 na nusu. Ile moja ilimiminwa na kokoto nyingi. Miaka yote hio tulikua tunasukuma na tofauti ya kilo tatu na nusu upande mmoja, na kwa sababu mikebe ilikua inakaa pale pale ukutani kila mtu alikua anaiweka upande ule ule.

Basi pima zenu zote, andika uzito wa kweli kwa rangi juu ya kila moja, zipange upya jozi kwa jozi. Zisizopata mwenzake zifungie kamba zitumike kuvutia. Bega lipe wiki mbili bila benchi, sukuma pushapu ukiwa umeegemea ukuta, na ukirudi anza na baa tupu mtu akupige video kutoka miguuni. Kama baa bado inapanda upande na sahani ziko sawa, nitumie hio video.