Safari yangu ya kwanza kuwinda wapiti Colorado, na jivu nililolisahau

Wiki iliyopita kaka mmoja anayeishi Texas aliniandikia: "Nasikia ulikwenda Colorado kuwinda. Nami nataka kwenda mwaka huu. Nianze na nini?" Nilimjibu kwa neno moja, miguu. Usiku nikakosa usingizi. Niliona sijamtendea haki, kwa sababu safari ile bado imenikaa moyoni.

Mimi ni mtoto wa Tabora. Babu yangu aliwinda kwa gobore, na nyama aliyoileta ndiyo iliyotukuza. Hapa Iowa nimeshawinda paa wa huku misimu minne, kwenye mashamba ya mahindi, na kila msimu friji imejaa. Kwa hiyo nilipoamua kutoka nje ya jimbo, nilijiona nimeiva.

Wapiti, ambaye Wamarekani humwita elki, ni kulungu mkubwa mwenye pembe za matawi, mnyama wa aina nyingine kabisa. Dume lililokomaa huvuka kilo 300, na Colorado ndiyo yenye wapiti wengi kuliko jimbo lolote la Marekani. Mwaka 2024 mgeni wa jimbo aliweza kununua leseni ya dume kwa msimu wa pili wa bunduki bila kuingia kwenye bahati nasibu ya leseni. Msimu huo ulikuwa wa siku 9, kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Leseni ilinigharimu zaidi ya dola 700, na pesa hiyo hairudi hata ukikosa mnyama. Tena kila aliyezaliwa tangu 1949 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Changu cha Iowa walikikubali bila shida.

Tulipanga kwenda wawili. Hema na jiko la gesi vilikuwa vya mwenzangu, mtu niliyemwita ndugu. Zikiwa zimebaki siku 5 alinitumia ujumbe wa mstari mmoja: samahani, sitaweza. Hakupiga simu, na hadi leo hajapiga. Mama watoto akaniambia niahirishe. Nilikataa, nikaenda kununua hema siku ileile. Nasema hili kwa uchungu: usiweke safari yako kwenye mkono wa mtu mwingine. Kuwa na hema lako na jiko lako. Mwenzako akija, heri. Asipokuja, unaondoka vilevile.

Njiani sina la kusimulia, niliendesha na kulala. Nilipiga kambi katika msitu wa taifa wa White River, upande wa mji wa Meeker, juu kidogo ya mita 2,900. Ninakoishi mimi ni chini ya mita 300. Usiku wa kwanza kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa na chakula kilinishinda. Asubuhi nilipanda mlima hatua ishirini, nikasimama. Ishirini tena, nikasimama. Moyo ulikuwa unagonga hadi masikioni. Siku mbili za kwanza sikuwinda kitu, nilikuwa nahema tu. Ndiyo maana nilimwambia yule kaka aanze na miguu. Panda ngazi na mzigo mgongoni tangu Mei. Na ukiweza, fika siku mbili kabla ya msimu, mwili uizoee hewa.

Siku ya tatu nilifuata njia niliyoichora kwenye ramani ya simu kwa miezi mitatu. Nikakuta geti limefungwa kwa mnyororo. Njia ilikatiza shamba la mtu, na Colorado huruhusiwi kuwinda kwenye ardhi binafsi bila idhini hata kama hakuna kibao. Nilizunguka kwa miguu kilomita 6 ili kufika bonde lilelile kutokea upande wa msitu wa umma. Buti zilikuwa mpya. Jioni nilipovua soksi, ngozi ya kisigino ilitoka nayo.

Sasa siku ya tano. Nilitoka hemani saa kumi alfajiri, fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa juu ya koti na kofia ya rangi hiyohiyo, maana ndiyo sheria ya msimu wa bunduki. Nilianza bondeni nikipanda taratibu kuelekea kwenye miti ya aspeni. Theluji ilifika kwenye vifundo vya miguu, na nyayo zilikuwa mpya. Kulipopambazuka vizuri nikamwona: dume, kama mita 120 juu yangu, anachimbua majani kwenye theluji. Mvuke ulikuwa unatoka puani mwake. Shingo yake ilikuwa nyeusi kama mkaa.

Katika eneo lile dume halali lazima awe na matawi manne kwenye pembe moja, au tawi la chini, linaloota juu ya paji la uso, lenye inchi 5 na zaidi. Nikahesabu kwenye darubini. Moja, mbili, tatu. Sehemu ya chini ya pembe ilikuwa nyuma ya shina la mti. Kidole kilikuwa karibu na kifyatulio, na nilijua kabisa kwamba la nne lipo. Kujua hivyo si kuona. Nikasubiri ageuke.

Jua likapiga mteremko. Nikasikia ubaridi kisogoni. Dume likainua kichwa, likatazama chini moja kwa moja nilipokuwa, likaingia mitini.

Jioni nilimsimulia mzee mmoja wa Colorado aliyekuwa na kambi jirani. Hakunicheka. Alitoa mfukoni kichupa cha plastiki chenye unga mweupe, akakiminya, tukautazama unga ukishuka bondeni. Akanieleza: alfajiri hewa ya baridi hushuka mlima kama maji, jua likishapasha mteremko hewa hupanda, na jioni hushuka tena. Nilikuwa chini ya mnyama wakati upepo unageuka kupanda, nikampelekea harufu yangu mwenyewe.

Nilirudi hemani nikalia, ndugu zangu. Babu alikuwa na kitambaa chenye jivu kiunoni, na kabla ya kila hatua ya maana alikitingisha kutazama upepo. Nilimwona akifanya hivyo mara mia. Nilinunua darubini ya bei mbaya, nikaliacha jivu.

Siku nne zilizobaki niliona majike tu, na leseni yangu ilikuwa ya dume. Nilirudi Iowa mikono mitupu. Lakini sikumpiga mnyama ambaye sikumhesabu, na hilo najivunia mbele ya yeyote. Nawaona vijana wetu huku wakipiga picha na bunduki wakati hawajasoma hata kijitabu cha sheria cha jimbo. Kisomeni. Fanyeni mazoezi ya miguu. Uangalieni upepo, kisha uangalieni tena.

Mwaka huu naenda tena, peke yangu. Jivu la jiko la mkaa nimeshalichekecha, limo kwenye soksi ya mtoto niliyoifunga kwa uzi. Jana usiku niliitingisha jikoni, vumbi likatoka, likaelekea dirishani.