Jibu: Ufaransa saa 35, Uganda saa 48?

Habari ndugu. Umekwama kwa sababu jedwali lako linaipa Ufaransa saa 35 za kazi kwa wiki na Uganda 48, na binamu yako aliye Paris anacheka akisema anapita hizo.

Kwanza tazama safu inahesabu nini. 35 ya Ufaransa si ukomo: ukiivuka, ovataimu inaanza. 48 yetu ni ya Sheria ya Ajira ya 2006. Tanzania ni 45. Hizo ni saa za kwenye karatasi. Wastani wa saa zinazofanywa kweli ni hesabu nyingine, na Uholanzi hushuka sana humo kwa kuwa wengi hufanya kazi saa chache kwa wiki.

Halafu chakula cha mchana, hapo ndipo mimi nilinaswa. Nilipokuwa stoo Kampala, daftari lilisema saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, siku sita: saa 54. Toa saa ya posho (ugali) na maharage kila siku, zinabaki 48. Ila Jumamosi tulihesabu magunia hadi kumi na mbili, na daftari bado likaandika kumi na moja.