Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Beki, Kutoka Mkataba wa Kwanza Hadi Miguu Kuchoka

Shikamooni. Nina miaka 17, nacheza beki wa kati, urefu wangu sentimita 176. Kwenye majaribio naambiwa uwezo ninao ila kimo hakitoshi. Nihamie pembeni?

Marahaba. Beki wa kati Fabio Cannavaro alikuwa na kimo hichohicho, na mwaka 2006 aliinua Kombe la Dunia akiwa nahodha wa Italia, kisha akachukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. Usijidanganye kwa jina moja, hata hivyo. Wasaka vipaji huangalia kimo kwa sababu ya kona na mipira ya adhabu, na hapo ndipo utakapopimwa. Mfupi anayeruka kwa wakati mmoja na mrefu ameshashindwa. Wewe ruka mapema kidogo, kwa mguu mmoja, baada ya hatua mbili au tatu za kukimbilia. Mguse bega kabla mpira haujafika ili asijipange, mikono ikae chini mwamuzi asipate la kupuliza. Hata usipoupata mpira, akiupiga kichwa huku amepinda, kazi yako umeifanya.

Usihame bado, ila jifunze namba mbili pia, yaani beki wa kulia. Anayeziba nafasi mbili huingia kwenye orodha ya akiba mapema zaidi.

Mimi ni beki wa kushoto. Mawinga wenye kasi wananipita kila mechi, na mimi si mzito. Nakosea wapi?

Mara nyingi kosa liko kwenye miguu yako kabla winga hajaanza kukimbia. Beki anasimama kumkabili uso kwa uso, miguu sambamba, visigino chini. Winga anausukuma mpira kando. Sasa beki inabidi ageuze nyonga, avushe mguu, ndipo aanze mbio. Hatua mbili zimeshapotea, na hapo kasi ya mtu haijaanza hata kupimwa.

Simama kiubavu. Ukitaka kumsukumia winga kwenye mstari wa pembeni, wewe wa kushoto tanguliza mguu wa kulia, wa kushoto ubaki nyuma, na simama upande wa ndani kidogo kuliko yeye. Magoti yakunjwe, uzito uwe mbele ya nyayo. Akiwa amesimama, msogelee hadi urefu wa mkono. Akikujia mbio, achia mita moja na nusu hadi mbili na urudi nyuma kwa hatua fupi zisizopishana.

Kosa la pili ni namna unavyomfikia. Mkimbilie kwa nguvu mpira ukiwa bado njiani, kisha mita tatu au nne za mwisho katakata hatua. Ukifika kwa kasi ileile, chenga moja inakutosha.

Macho yawe kwenye mpira, maana mabega na kiuno ndivyo vinavyodanganya. Ingia pale mpira unapotoka mguuni mwake kwa mguso mrefu, au anapoinamisha kichwa, au anapokupa mgongo. Chomoa kwa mguu ulio karibu. Kuteleza chini kunafurahisha jukwaa, lakini ukikosa, timu yako imebaki na mtu pungufu mpaka uinuke.

Zoezi: chora njia ya upana wa mita 5 na urefu wa mita 15. Mshambuliaji aanze na mpira mita 8 mbele yako. Wiki ya kwanza usipore kabisa. Mzuie tu asipite, mikono ikiwa nyuma ya mgongo. Fanya mara 6, pumzika sekunde 45 kati ya moja na nyingine, jumla raundi tatu. Kocha anayekufanyisha mara 40 mfululizo anafundisha mapafu. Miguu iliyochoka hujifunza makosa.

Kama bado anakuzidi mbio, anza mita mbili nyuma zaidi na umwambie beki wa kati kwa sauti unamsukumia winga upande gani. Kukaba pembeni ni kazi ya watu wawili.

Nilipewa kadi nyekundu kwa kuwa “beki wa mwisho”. Mwenzangu alikuwa sambamba nami kabisa. Ni haki?

Sheria haina maneno “beki wa mwisho”. Mwamuzi hupima kama umeua nafasi ya wazi ya bao: umbali wa faulo na goli, mwelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na idadi ya mabeki pamoja na mahali walipo. Mwenzako kuwa sambamba hakukuokoi kama asingeweza kufika. Ndani ya boksi, ukifanya faulo huku ukijaribu kuucheza mpira na penalti ikatolewa, kadi inakuwa ya njano. Ukivuta jezi, nyekundu inabaki palepale.

Mwanangu ana miaka 16. Klabu imemletea mkataba wa kulipwa wa miaka 5. Tusaini?

La. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hasaini zaidi ya miaka 3, na kipindi kinachozidi hapo hakitambuliwi. Angalieni pia kama kuna kifungu kinachosema mkataba utakuwa halali akifaulu vipimo vya afya. Hakiruhusiwi, vipimo vifanyike kabla ya saini. Mishahara miwili ya mwezi isipolipwa kinyume cha kanuni, mchezaji anaweza kuvunja mkataba, ila kwanza aiandikie klabu na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe. Watu hukosea hapo: wanaondoka kwanza, barua baadaye, na kesi inawageukia. Mkataba ukibakiza miezi 6 au pungufu, yuko huru kusaini na klabu nyingine.

Niliumia ligamenti ya mbele ya goti. Miezi 6 imepita, naruka bila maumivu. Nirudi?

Subiri. Kukosa maumivu si kipimo. Kabla ya miezi 9 hatari ya kuumia tena huwa kubwa zaidi, na mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake. Beki wa Uholanzi Virgil van Dijk aliumia ligamenti hiyo Oktoba 2020, na mechi ya ligi hakucheza tena hadi Agosti 2021.

Nina miaka 32, beki wa kulia. Kocha anataka nicheze kati. Ananishusha?

Anakuongezea miaka. Beki wa Italia Paolo Maldini alianzia pembeni, akamalizia kati, akastaafu 2009 akikaribia 41. Omba nafasi ya kulia kati ya wale wawili ili upande uuzoee. Kinachowaponza mabeki wa pembeni wakihamia kati ni kumfuata mtu wao kila anakokwenda: shimo linabaki nyuma yao. Mkabidhi kwa mwenzako kwa sauti, rudi mahali pako. Mpira ukirudishwa nyuma, pandeni pamoja. Mwenye mpira akipata nafasi ya kuinua kichwa, shukeni mapema. Mmoja akibaki chini, wote mmemwondoa mpinzani kwenye kuotea.

Misuli ya nyuma ya paja ndiyo itakayokudai kwanza. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, jishushe mbele polepole: anza na mara 5, panda hadi raundi tatu za 8. Mara mbili kwa wiki, na usifanye siku mbili za mwisho kabla ya mechi.