Mtoto aliyetoka vitani si jipu la kutumbuliwa

SWALI: Ni wiki ya tatu tangu tukimbie mapigano. Mpwa wangu wa miaka 7, ambaye alishaacha kukojoa kitandani, ameanza tena. Usiku anapiga mayowe, mchana haniachii nguo. Mshauri mmoja aliyepita hapa anataka tumkalishe asimulie yote aliyoyaona "ili yamtoke". Jirani naye amenipa diazepamu za kumlaza. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate hata moja, dada.

Vidonge mrudishie mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakataza dawa za kundi la diazepamu kwa watoto katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha: zinalevya, zinaweza kudhoofisha pumzi, na hofu yenyewe haziitibu. Kama ameshazimeza kwa wiki kadhaa, usikatishe ghafla, muone daktari.

Sasa huyo mshauri. Habari ya "yamtoke" nimeichoka. Kumbukumbu si usaha. Kikao kimoja cha kumchimbua mtu hakizuii maradhi ya kiwewe, na wengine huwazidishia. Miongozo ya kimataifa ya afya ya akili katika misaada ya dharura, ya mwaka 2007, ilishaonya. Mtoto akisukumwa kusimulia, moyo unamwenda mbio kama siku ile ile. Kisha mshauri anapanda gari, na usiku unabaki nao wewe. Tiba ya kusimulia ipo, lakini ni vikao vingi, na mtaalamu yule yule, kwa mwendo wa mtoto. Akianza mwenyewe kuongea, msikilize, umjibu kweli kwa maneno machache. Usimnyamazishe, usimdodose.

Akiamka na mayowe, usimtikise. Mwite jina, washa taa, mwambie: "Ni mimi shangazi. Tuko hemani. Ulikuwa unaota." Mshikishe kitu, blanketi au kikombe, kisha vuteni pumzi pamoja mkizitoa taratibu. Ulale mahali anapoweza kukugusa. Kula, kucheza na kulala viwe kwa saa zile zile kila siku; kwake huo ndio ushahidi kwamba kesho ipo.

Kuhusu mkojo: akojoe kabla ya kulala, tandika plastiki chini ya shuka, asichekwe wala kuchapwa. Usimnyime maji mchana. Akiwa na homa, au akilia anapokojoa, apimwe. Huenda ni maambukizi tu.

Wiki tatu bado ni mapema, wengi hutulia wakiwa na mtu wao karibu. Mwezi ukipita na bado hachezi, halali, au anarudia mchezo ule ule wa vita bila kufurahi, tafuta mtaalamu wa afya ya akili. Akijiumiza, akisema anataka kufa au akikataa chakula, nenda leo.

Na ninyi mnaoendesha mahema ya watoto: mtu akija na karatasi, rangi na kamera akiwaambia watoto "choreni vita", muulizeni wiki ijayo atakuwepo siku gani. Akikosa jibu, pokeeni rangi, watoto wachore wanachotaka, kamera ibaki garini.