Maswali na majibu: joto, maradhi na bei ya hasara

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Wengi mnataka kujua watafiti wanajuaje kwamba mabadiliko ya tabianchi yanatuuguza, na hasara za mabilioni wanazitoa wapi. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Nilifanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho hadi nilipostaafu. Ujanani malaria tuliijua kama ugonjwa wa watu wa ziwani. Baadaye ikatuingia nyumbani. Mjukuu wangu anasema ni tabianchi, jirani anasema ni dawa zilizokuwa hazifanyi kazi tena. Nani mkweli? (Mstaafu, Kericho)

Shikamoo mzee. Swali lako limewagombanisha wanasayansi kwa karibu miaka kumi, na sehemu kubwa ya ugomvi ilihusu hapo hapo kwenu. Sababu ni kwamba hospitali za mashamba ya chai zilitunza kumbukumbu za wagonjwa kwa miongo mingi, jambo ambalo ni adimu katika Afrika.

Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba hali ya hewa ya maeneo manne ya nyanda za juu, yaani Kericho, Kabale ya Uganda na mengine ya Rwanda na Burundi, haikuonyesha badiliko la maana. Kwa hiyo kurudi kwa malaria kutafutiwe sababu nyingine, usugu wa vimelea kwa dawa ukiwemo. Jirani yako angefurahi. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakazichambua upya takwimu za maeneo yale yale, safari hii zikiwa zimeongezewa miaka, wakaona joto limepanda. Mwaka 2011 Judy Omumbo na wenzake wakatumia vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe, kuanzia 1979 hadi 2009, wakapata ongezeko la takribani nyuzi 0.2 kila miaka kumi. Tofauti hiyo ina maelezo: takwimu za mwanzo zilikuwa za kukadiria kutoka vituo vilivyotawanyika, na milimani ukikadiria kwa mbali unakosea, maana mwendo wa saa moja tu kuteremka unabadilisha hali ya hewa yote.

Mtu atasema nyuzi 0.2 ni kitu gani? Kimelea cha malaria hukomaa ndani ya mbu, na kasi yake inategemea joto. Kwenye nyuzi 20 huchukua takribani wiki nne, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Kwenye nyuzi 25 huhitaji chini ya wiki mbili. Chini ya nyuzi 16 hivi hukwama kabisa. Kericho iko kwenye ule ukingo ambapo ongezeko dogo huamua kama mbu ataishi muda wa kutosha kumwambukiza mtu. Dar es Salaam ongezeko hilo hilo halibadilishi mengi, kwa kuwa joto linalotosha lipo siku zote.

Na jirani naye hakukosea. Klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, ilishindwa kweli, na vyandarua, dawa mseto na kupuliza ukoko (dawa ya kuua mbu kwenye kuta za nyumba) vilipofika, malaria ilishuka nyanda za juu huku joto likiendelea kupanda. Joto hufungua mlango, lakini nani ataingia huamuliwa na huduma za afya. Ndiyo maana mimi humwogopa zaidi mwanasiasa anayesema "ni tabianchi" kuliko yule anayeikana, kwa sababu wa kwanza amejipatia kisingizio cha kutonunua vyandarua.

Mimi ni saidia fundi, Temeke. Kuanzia Desemba hadi Machi jua la saa saba linanimaliza. Nalipwa kwa siku, nikipumzika pesa inakatwa. Kuna utafiti wowote unaotuhusu sisi?

Upo. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba ifikapo 2030 dunia itapoteza asilimia 2.2 ya saa zote za kazi kwa sababu ya joto, sawa na ajira za kudumu milioni 80 na dola trilioni 2.4 kwa mwaka. Wanaobeba mzigo mkubwa ni wa shambani na wa ujenzi. Hesabu hiyo haikutegemea joto la kwenye redio peke yake. Mwili hupoa jasho linapokauka, na pwani hewa ikijaa unyevu jasho linadondoka tu bila kukauka. Nyuzi 32 za Dar si sawa na nyuzi 32 za Dodoma.

Waliotufundisha zaidi ni wakata miwa wa El Salvador na Nicaragua. Vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu walikuwa wakifa kwa figo, na moja ya sababu zinazotajwa sana ni kazi nzito juani bila maji ya kutosha. Walipopelekewa maji, kivuli na mapumziko yaliyopangwa, madhara ya figo yalipungua, na huko El Salvador kila mtu alikata miwa mingi zaidi kwa siku. Mwonyeshe msimamizi wako sentensi hiyo, maana ndiyo lugha anayoielewa.

Ndugu zetu walio Ghuba wana kinga ya sheria. Oman huzuia kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Qatar tangu 2021 huzuia kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, 1 Juni hadi 15 Septemba, na kazi husimama saa yoyote kipimo kinachochanganya joto, unyevu, jua na upepo kikipita 32.1. Utekelezaji ni habari nyingine. Wewe na wenzako ombeni zege lianze alfajiri, kunywa maji kabla ya kiu, na mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, kaa kivulini hata kama pesa itakatwa.

Jambo moja linanikera. Mwaka 2020 Luke Harrington na Friederike Otto walipekua hifadhidata ya kimataifa ya majanga iliyoko Ubelgiji. Tangu mwaka 1900, Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa imeandikiwa mawimbi ya joto mawili tu, na vifo 71. Ulaya ilikuwa na mawimbi 83 kati ya 1980 na 2019, na vifo zaidi ya 140,000. Hakuna anayeamini kwamba sisi hatufi kwa joto. Fundi akianguka juani, cheti huandikwa moyo au presha, na joto halitajwi. Kisha fedha za kukabiliana na joto zikigawanywa, zinafuata maandishi.

Nauza mbuzi Garissa. Mvua ikizidi tunaambiwa homa ya Bonde la Ufa imeingia, soko linafungwa. Hawa wataalamu hawawezi kujua mapema? (Mfanyabiashara)

Wanaweza, na walishaweza. Ugonjwa huo wa virusi, unaoshika mifugo na watu, ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, kutokana na kondoo wa karibu na Ziwa Naivasha, na tangu hapo umekuwa ukipotea kwa miaka kisha kuibuka na mafuriko. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye udongo wa mabondeni, na baadhi ya mayai hubeba virusi. Mayai hukaa makavu miaka mingi bila kufa. Maji yakituama, yanaanguliwa yote kwa pamoja.

Mvua za vuli zinazopita kiasi huku kwetu mara nyingi hufuata bahari: El Niño ikipasha Pasifiki na wakati huo huo upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto. Mwaka 1999 Kenneth Linthicum, Assaf Anyamba na wenzao walionyesha kwamba ukiunganisha joto la bahari hizo mbili na ukijani wa uoto unaoonekana na setilaiti, mlipuko unaweza kutabiriwa hadi miezi mitano kabla. Mwishoni mwa 2006 tahadhari ilitolewa kabla wagonjwa hawajaonekana. Hata hivyo mlipuko wa 2006 na 2007 uliua watu zaidi ya 150 Kenya na zaidi ya 100 Tanzania. Barabara zilikuwa zimekatwa na maji, chanjo ya mifugo ilichelewa, na hakuna ofisa anayetaka kufunga soko kwa ugonjwa ambao bado haujaonekana.

Hasara yako wameihesabu. Karl Rich na Francis Wanyoike walikadiria kwamba mlipuko ule uliigharimu Kenya zaidi ya shilingi bilioni 2.1 za huko, kama dola milioni 32. Mifugo iliyokufa ni sehemu tu. Waliumia pia wachinjaji, wenye bucha, madalali na wenye malori. Somalia waliumia zaidi: baada ya ugonjwa kuvuka hadi Saudi Arabia na Yemen mwaka 2000, Saudi Arabia ilizuia mifugo ya Pembe ya Afrika na haikuondoa zuio hadi 2009.

Wewe na wafugaji wako mna kengele iliyo karibu zaidi ya setilaiti. Kondoo na mbuzi wakianza kuharibu mimba kwa wingi baada ya mafuriko, pigeni simu kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na msiguse kijusi kwa mikono mitupu.

Kipindupindu kinaongezeka kwa sababu ya tabianchi? (Msomaji, Unguja)

Kwa sehemu. Utafiti wa Sean Moore na wenzake wa mwaka 2017 uliona kwamba miaka ya El Niño Afrika Mashariki hupata takribani wagonjwa 50,000 zaidi, wakati sehemu nyingine za bara hupungukiwa, hata jumla ya bara isibadilike sana. El Niño ni ya asili na ilikuwepo kabla ya viwanda. Lakini kipindupindu hakishuki na mvua, kinapanda kutoka vyooni.

Hewa ukaa si chakula cha mimea? Ikiongezeka tutavuna zaidi.

Ngano na mpunga huongeza mavuno kidogo, ndiyo. Ila Samuel Myers na wenzake waliotesha mazao shambani kwenye hewa yenye hewa ukaa nyingi, na mwaka 2014 wakatoa majibu: ngano ilikuwa na zinki pungufu kwa asilimia 9 hivi na chuma pungufu kwa 5, na mchele nao ulipoteza protini. Sahani inajaa, lishe inapungua. Mahindi hayakuathirika sana kwa njia hii. Yana balaa lake, tazama swali linalofuata.

Mwaka wa ukame mahindi yetu yalionekana mazuri lakini tukaambiwa yana sumukuvu. Ukame unaleta vipi ukungu? (Mama wa Kondoa)

Inashangaza, lakini ndivyo. Mmea ukikosa maji wakati wa kubeba hushindwa kujilinda na punje hupasuka, na kuvu wanaotoa sumu hiyo wanapenda joto. Wanaingia shambani. Mvua zisizotarajiwa wakati wa kuvuna, au gunia kuwekwa sakafuni, huwaongezea nguvu. Mwaka 2004 Kenya ilipata wagonjwa 317 mashariki mwa nchi, 125 wakafa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafa 20. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, na ingawa zuio lililegezwa ndani ya siku chache, malori yalikuwa yameshapanga foleni mpakani. Anikeni juu ya turubai, si chini. Kupika hakuondoi sumu hiyo, na punje zilizooza msiwape kuku, maana nao hudhurika.

Katika tasnifu yangu nilinukuu kwamba kipato cha dunia kitashuka kwa asilimia 19 kufikia 2049. Msimamizi anasema makala hiyo imefutwa. Sasa tuamini nini? (Mwanafunzi wa uchumi, Dodoma)

Msimamizi wako yuko sahihi. Makala hiyo ya watafiti wa Potsdam, Ujerumani, ilitoka Nature Aprili 2024 na kuondolewa Desemba 2025. Takwimu za Uzbekistan za miaka ya 1990 zilikuwa na kasoro zilizoyumbisha matokeo ya dunia nzima. Ilipoondolewa nchi hiyo moja, makadirio ya mwisho wa karne yalishuka sana. Na mmoja wa waliofichua kasoro ni Solomon Hsiang, ambaye mwaka 2015, pamoja na Marshall Burke na Edward Miguel, alikadiria kwamba joto linaweza kupunguza kipato cha dunia kwa karibu asilimia 23 kufikia 2100. Kwa hiyo usiwasikilize wanaosema hasara ni uzushi. Aliyekamata kosa mwenyewe anaamini hasara ni kubwa. Badili nukuu, eleza kwa nini umebadili, na tasnifu itakuwa bora kuliko mwanzo.

Lakini mimi ningekuuliza jambo lingine: pato la taifa linapima nini? Mtoto akifa kwa malaria, halishuki. Mama akiuza mbuzi kulipia matibabu, linaweza hata kupanda. Ndiyo maana wachumi wa afya huweka thamani ya fedha juu ya kifo, kwa kuangalia watu wako tayari kulipa kiasi gani kupunguza hatari. Tatizo ni kwamba maskini hulipa kidogo kwa kuwa hana, si kwa kuwa haupendi uhai. Katikati ya miaka ya 1990, ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi ilipoandaliwa, wachumi waliupa uhai wa mtu wa nchi tajiri thamani mara kadhaa ya ule wa mtu wa nchi maskini, na ukazuka mzozo mkali. Hadi leo kila utafiti huchagua upande. Unaposoma jumla yoyote ya hasara, tafuta kwanza wameweka bei gani juu ya mtu wa kwenu. Mara nyingi iko kwenye kiambatisho.

Najaza vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, kwenye zahanati ya kijiji. Kuna mtu anayevisoma vitabu hivi kweli? (Mhudumu, Kilombero)

Wapo. Jumla za kila mwezi huingia kwenye mfumo wa wizara, na watafiti huziomba ili kuzilinganisha na mvua na joto la eneo hilo. Bila hospitali za Kericho ubishi wote nilioueleza juu usingefanyika.

Shida yao kubwa ni mahali na siku. Kwenye kitabu namba 5, kile cha wagonjwa wa nje, andika kijiji au kitongoji anakotoka mgonjwa, usiishie kwenye kata, kwa sababu kata moja inaweza kuwa na mlima na bonde. Tenganisha malaria iliyopimwa na iliyokisiwa. Umri wa mtoto uandike kwa miezi. Na mafuriko yakija, wagonjwa wakafurika na kitabu kikaisha, chora safu zile zile kwenye daftari la kawaida uendelee, kisha uambatishe. Miezi hiyo ndiyo inayotafutwa zaidi, na mara nyingi ndiyo iliyo tupu.