Miti ya maua ya pwani kwenye baridi ya Mbeya: niliyojifunza kwa hasara

Uhamisho ukitoka, Mbeya hupokea watu wa Tanga, Mtwara na Dar es Salaam wanaoshuka kwenye basi na sweta moja, na haipiti muda wanatamani kuotesha uani miti waliyokulia chini yake. Nami nilikuja hivyohivyo. Nilikuja kufundisha, nikapanga nyumba Uyole, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na likizo ya Desemba nikarudi na miche mitatu: mlangilangi, mkrismasi na mfranjipani, ule wa matawi manene yenye utomvu mweupe. Mlangilangi haukuvuka Julai. Mfranjipani niliuua kwa mkono wangu mwenyewe, na wageni wengi huanzia hapohapo.

Niliupanda Januari. Mwishoni mwa Mei majani yakageuka njano, yakaanza kudondoka. Mvua zilikuwa zimekatika, nikasema ni kiu, nikawa naumwagilia kila jioni. Kufika Julai shina limekuwa laini kama ndizi iliyopitiliza. Ukilibonyeza linatoa maji yanayonuka. Kumbe mti ule, ambao kwao ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, una tabia ya kupukutisha majani na kulala wakati wa ukavu na baridi. Mizizi iliyolala hainywi. Udongo wa mfinyanzi uliomwagiwa jioni, usiku wa nyuzi 6 au 7, haukauki hadi kesho yake, na kesho yake mimi huyu hapa tena na ndoo.

Huku baridi peke yake huua mara chache. Baridi ikikutana na maji mizizini, hapo ndipo msiba. Majani yakidondoka, acha kumwagilia. Bonyeza tawi kwa kidole gumba: likiwa gumu, mti uko hai, uache ulale. Likibonyea, kata hadi ufikie nyama nyeupe isiyo na doa, kisha uache jeraha likauke. Epuka utomvu wake usiguse macho, unawasha.

Kosa la pili nililipata kwenye kusoma. Maelezo mengi ya kutunza miti hii kwenye baridi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao husisitiza ukuta unaotazama kusini. Nikatii. Mama mmoja jirani, mkulima wa viazi, akapita akasimama: "Mwalimu, huo ukuta Juni hauoni jua." Niliona haya, maana jiografia naifundisha mwenyewe. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la saa sita mchana linapita kaskazini mwetu, na miezi yote ya baridi imo humo. Juni na Julai ukuta wa kusini unashinda kivulini kutwa nzima. Ukuta wa kaskazini, hasa wa tofali za kuchoma, hunywa joto mchana na kulitoa polepole usiku. Mfranjipani wangu wa pili uko hapo, mita moja na nusu kutoka ukutani, na haujawahi kuungua ncha hata mara moja.

Hewa ya baridi nayo hutiririka kama maji. Usiku usio na mawingu inashuka kutoka mlimani na kutuama palipo chini, au nyuma ya ukuta wa uzio usio na upenyo. Ndiyo sababu bustani ya bondeni hupigwa sakitu, yaani umande ulioganda, na ya jirani aliye mteremkoni ikapona. Kiwanja kikiwa na mteremko, panda upande wa juu.

Usichukue ushauri wa Mbeya mjini ukaupeleka kila mahali. Joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Kyela, kando ya Ziwa Nyasa kwenye mita 500 hivi, ni kama pwani, na ukifika Uyole umeshapoteza nyuzi 7 au 8. Tukuyu adui ni mvua kuliko baridi: inapita milimita 2,000 kwa mwaka, panda juu ya tuta. Iringa mjini ni kukavu na kuna jua la kutosha. Mfranjipani na bogenvilia hawakusumbui sana. Makete na Njombe, sakitu ipo. Huko mimi ningeweka mti kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, Juni ikifika uingie barazani.

Mkrismasi ni habari nyingine. Asili yake Madagaska, na pwani huwaka nyekundu kuelekea Desemba, ndipo ulipopata jina. Mbegu yake ni ngumu kama kokoto: ikwangue upande mmoja kwa msasa, iloweke usiku kucha, itavimba. Wangu una mwaka wa saba na haujatoa ua. Umerefuka, una kivuli kizuri, maua hakuna, na sina hila ya kukuuzia. Mizizi yake hutambaa juujuu na kuinua sakafu, kwa hiyo uwe mbali na msingi wa nyumba na bomba la maji. Anayetaka rangi bila kusubiri apande mjakaranda. Huo Septemba na Oktoba hauhitaji mwalimu.

Udongo wa ndooni mimi nachanganya sehemu moja ya udongo wa juu, moja ya mchanga wa mtoni na moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, pamoja na samadi kidogo iliyooza kabisa. Yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, yaliyojaa pande za Rungwe, ukiyaponda ni bora kuliko mchanga. Samadi naacha kuweka mwezi wa tatu. Ukiendelea, mti unatoa machipukizi mabichi Mei, na baridi inaanza na hayo.

Wengi hupanda mvua za kwanza za Novemba kwa mazoea ya mahindi. Mimi napanda Septemba na kumwagilia mwenyewe asubuhi, ili mti uingie Juni ukiwa na miezi tisa ya mizizi. Siku anga ikiwa haina wingu na upepo umetulia, mche mchanga naufunika gunia la katani jioni na kulitoa jua likichomoza. Nailoni isiguse majani, huyaunguza.

Vipandikizi vya mfranjipani agiza Kyela, Agosti, kabla ya kuchipua. Viwe na urefu wa sentimita 30 hadi 45, majani yameondolewa, vimefungwa gazeti. Vikifika viegemeze kivulini wiki mbili hadi jeraha lifunge ngozi, ndipo uvichomeke. Mtu wa kwenu akivipandisha basi la Mbeya, kavipokee stendi mapema, maana mara moja konda alivitupa vyangu akidhani ni kuni.